Nani Hakutajwa? Somo Kuhusu Umoja wa Darasa na Afya ya Nafsi ya Mwanafunzi

Mwezi Januari, shule za sekondari zifunguapo milango, bonde la Ruvuma huwa limelowa. Mvua za kusini mwa Tanzania huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mtoto aliyemaliza darasa la saba katika mojawapo ya vijiji vya kata ya Mahurunga, karibu na mahali Ruvuma unapoingia katika mikoko na kuelekea baharini, huanza kidato cha kwanza wakati njia ina matope, mpunga ungali mbichi bondeni, na ghala la nyumbani limekwisha kupungua. Fedha za korosho zilizopatikana mwisho wa mwaka zimekwisha kununua sare, madaftari na pengine godoro.

Basi, mtoto huyo huyakuta mageuzi manne kwa siku moja. Kwanza, anatoka katika shule ambamo alikuwa mkubwa, anaingia katika shule ambamo yeye ndiye mdogo kuliko wote. Pili, masomo aliyofundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba sasa anafundishwa kwa Kiingereza. Tatu, pengine kwao ni mbali, hivyo anapangishiwa chumba karibu na shule, ajipikie na kujilinda mwenyewe. Nne, amefika katika miezi ambayo chakula ni haba.

Ndugu msomaji, makala haya yanauliza swali moja: je, sayansi ina lolote la kumwambia mwalimu, mzazi na mjumbe wa bodi ya shule kuhusu mtoto huyu? Tutaona kwamba inalo. Tutaona pia kwamba sehemu kubwa ya kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kupima, kupanga na kusikiliza.

Nafsi na mwili havitengani

Watu wengi hudhani kwamba "raha ya mwanafunzi" ni jambo la starehe, la kushughulikiwa baada ya masomo. Elimu ya viungo vya mwili yatuonyesha vingine. Mtu anapohisi hatari, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu vichocheo viwili mashuhuri, adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na misuli hujiandaa kukimbia au kupigana. Mpango huu ni mwema: mvuvi anayemwona mamba karibu na mtumbwi wake auhitaji. Hatari ipitapo, mwili hutulia.

Taabu huanza pale hatari isipopita. Mtoto anayehofu kuchekwa kila anapofungua kinywa, anayehofu fimbo kila asubuhi, au anayelala katika chumba kisicho na komeo imara, huishi na hali hiyo kwa wiki na miezi. Usingizi wake hupungua. Kumbukumbu hudhoofika, kwa kuwa ubongo unaoshughulika na kulinda uhai hauna nafasi ya kutosha ya kuhifadhi maana ya logarithi. Mwalimu humwona amezubaa na kumwita mvivu, hali ndani ya mwili wake mna kazi nyingi mno.

Umri nao una neno lake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya pamoja matokeo ya tafiti 192 kutoka nchi mbalimbali ili kujua maradhi ya akili huanza lini. Ilionekana kwamba kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa walianza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Kwa maneno mengine, miaka ya sekondari ndiyo miaka ambayo dalili za kwanza hujitokeza, na mara nyingi wa kwanza kuziona huwa ni mwalimu au rafiki wa dawati moja, si daktari.

Huko Marekani, mwaka 1997, wachunguzi wakiongozwa na Michael Resnick walichapisha matokeo ya mahojiano na vijana zaidi ya 12,000. Vijana waliosema kwamba wanajiona kuwa sehemu ya shule yao, na kwamba walimu huwatendea haki, walionyesha huzuni kidogo, mawazo machache ya kujiua, na matumizi madogo ya vileo kuliko wenzao. Hapa msomaji makini atauliza: je, ni shule iliyowapa afya, ama ni afya iliyowafanya waipende shule? Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa kuhoji watu mara moja tu hauwezi kulijibu. Ndiyo maana hapo chini tutazitazama pia tafiti za aina nyingine, ambamo shule ziligawanywa kwa kura, baadhi zikapewa msaada na nyingine zikangoja, kisha zikalinganishwa.

Kupima umoja wa darasa

Mwalimu wa fizikia hupima joto kwa kipimajoto. Je, umoja wa darasa hupimwa kwa nini? Jibu la kwanza lenye manufaa lilitolewa na daktari wa akili Jacob Moreno. Mwaka 1932, katika shule ya wasichana mjini Hudson, jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka katika muda wa wiki mbili. Moreno, aliyekuwa akichunguza uhusiano wa wasichana wa shule hiyo, alionyesha kwamba kutoroka huko hakukuwa kwa kubahatisha tu: nafasi ya kila msichana katika mtandao wa urafiki ilisaidia kueleza nani angeondoka na nani angefuata. Alikuwa amewauliza wasichana wangependa kuishi na nani, kisha akachora majibu kwa mishale. Mchoro huo huitwa sosiogramu.

Mwalimu yeyote aweza kuuchora kwa karatasi na penseli. Hatua ni hizi:

1. Mpe kila mwanafunzi kipande cha karatasi. Mwambie aandike jina lake, na majina ya wenzake wawili ambao angependa kufanya nao kazi ya kikundi, kwa mfano katika maabara au katika bustani ya shule.

2. Usiulize kamwe "humpendi nani?" Swali hilo hupanda uhasama, na halihitajiki.

3. Kusanya karatasi mwenyewe. Usimpe kiranja.

4. Chora duara kwa kila mwanafunzi, na mshale kutoka kwa aliyechagua kwenda kwa aliyechaguliwa.

5. Hesabu mishale inayoingia katika kila duara.

Tutazame mfano. Mfano huu ni wa kubuni, nao ni mdogo ili hesabu iwe nyepesi. Mkondo una wanafunzi 12, nasi tuwape namba badala ya majina. Kila mmoja amechagua wawili, hivyo mishale yote ni 24, na wastani ni mishale 2 kwa kila mwanafunzi. Baada ya kuhesabu tumepata hivi: Namba 4 amechaguliwa mara 6, Namba 7 mara 5, Namba 2 mara 4, Namba 1 mara 3, Namba 5 na Namba 9 mara 2 kila mmoja, Namba 8 na Namba 10 mara 1 kila mmoja. Namba 3, 6, 11 na 12 hawakutajwa na yeyote.

Je, wanne ni wengi? Yamkini hata kwa bahati tupu mtu angekosa kutajwa. Basi tukokotoe. Kama kila mwanafunzi angechagua wenzake wawili kati ya 11 kwa kufumba macho, uwezekano wa mwenzake mmoja kutomtaja Namba 3 ungekuwa 9 kwa 11. Wenzake wako 11. Kwa hiyo uwezekano wa wote kutomtaja hupatikana kwa kuzidisha 9/11 kwa yenyewe, ili itokee mara 11. Jibu ni takriban 0.11. Zidisha kwa wanafunzi 12, nasi twapata 1.3. Yaani kwa bahati tupu tungetazamia mtoto mmoja hivi asiyetajwa. Sisi tumepata wanne. Tofauti kama hiyo hutokea kwa nadra kwa bahati peke yake. Inampasa mwalimu atafute sababu.

Sababu haimo katika mchoro. Mchoro huonyesha mahali pa kutazama tu, na mwalimu hulazimika kuinuka kwenda kuona. Tuseme anagundua kwamba Namba 3 na Namba 6 wanaishi katika vyumba vya kupanga, ambavyo vijana huviita mageto, na hujitenga kwa aibu ya kukosa chakula. Namba 11 hutembea kutoka kijiji cha mbali; hufika amechelewa na huondoka mapema, hivyo hana wakati wa kuzoeana na watu. Namba 12 ni msichana aliyerejea shuleni baada ya kujifungua. Tangu Novemba 2021, Waraka wa Elimu wa mwaka huo unawaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi katika mfumo rasmi. Lakini waraka humfungulia mtu lango tu, haumpatii rafiki.

Tazama basi: watoto wanne wote wana alama moja kwenye mchoro, yaani sifuri, lakini dawa zao ni nne tofauti. Mwalimu angetoa hotuba moja ya "tupendane" asubuhi mstarini, isingemfikia hata mmoja.

Hapana budi tuonye jambo moja. Karatasi hizi ni siri. Mwalimu akiubandika mchoro ukutani, au akiwaonyesha walimu wenzake kwa mzaha, atakuwa amegeuza kipimo kuwa kidonda. Akimaliza kuutumia, auchome.

Kazi inayowafunga pamoja

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa kumkemea mvivu, lakini ndani yake mna elimu nyingine: mgeni huacha kuwa mgeni siku anapopewa kazi ambayo wenyeji wanaihitaji.

Mwaka 1971, mjini Austin, jimbo la Texas, shule zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto weusi na weupe, chuki ilizuka madarasani. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni njia ambayo mwalimu wa Mahurunga aweza kuitumia kesho. Somo hukatwa vipande, na kila mwanakikundi hupewa kipande kimoja pekee. Hakuna awezaye kulijua somo zima bila kuwasikiliza wengine.

Tuchukue mada ya mikoko katika somo la baiolojia. Eneo la mlango wa Ruvuma ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na watoto wengi wa pwani hii wameikanyaga mikoko kwa miguu yao. Gawa darasa katika vikundi vya watu wanne. Wa kwanza ajifunze namna mizizi inavyopumua katika tope lisilo na hewa. Wa pili, namna mti unavyostahimili chumvi. Wa tatu, samaki na kamba wanaokulia humo. Wa nne, matumizi ya nguzo na kuni, na madhara ya kukata ovyo. Kisha wale wenye kipande cha namna moja kutoka vikundi vyote wakutane kwa dakika kumi na tano, walielewe jambo lao barabara. Baadaye kila mmoja arejee kikundini kwake akafundishe.

Sasa yule Namba 11 atokaye mbali, ambaye pengine babaye ni mvuvi, ana jambo ambalo kikundi kinalihitaji. Waruhusuni watoto waanze kueleza kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza kwa pamoja. Mtoto asiyeielewa lugha hunyamaza. Anyamazaye hudhaniwa mjinga. Na adhaniwaye mjinga hachaguliwi na mtu. Mnyororo huo hukatika mahali popote ukikatwa, na kiungo cha lugha ndicho chepesi kuliko vyote.

Katika kupanga vikundi, mwalimu atumie sosiogramu yake kwa hekima. Namba 3 awekwe pamoja na mtu aliyemchagua, hata kama yeye hakuchaguliwa. Wale wawili mashuhuri, Namba 4 na 7, wasiwekwe kikundi kimoja.

Chungu cha mchana

Ubongo wa mtu mzima, ambao ni kiasi cha sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili, hutumia karibu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika. Haushibi kwa maneno. Mwanafunzi aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kula, akakaa hadi saa tisa alasiri, hufanya masomo ya mchana kwa akiba iliyokwisha.

Tangu Januari 2016, Serikali iliondoa ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na madarasa yakajaa. Chakula cha wanafunzi wa kutwa, hata hivyo, kwa kawaida hutegemea makubaliano ya wazazi. Hapa sayansi ya lishe na sayansi ya jamii hukutana. Chungu kimoja cha makande, yaani mahindi na kunde au mbaazi vilivyopikwa pamoja, humpa mtoto nguvu na protini. Tena mahindi na jamii ya kunde husaidiana: kile ambacho protini ya kimoja imekipungukiwa, protini ya kingine hukijaza. Lakini chungu hicho hicho ni baraza. Wanaokula pamoja hujuana majina.

Neno la kuangalia ni hili: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia asitengwe kando kuwatazama wenzake wakila. Fedheha hiyo hubomoa kwa siku moja umoja uliojengwa kwa muhula mzima. Shule nyingi zina mashamba, urithi wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Gunia la mbaazi au la mhogo mkavu kutoka shambani laweza kuwa fungu la wale wasio na kitu. Wazazi nao wakubaliane kuchanga wakati wa msimu wa korosho, fedha zikiwapo, kwa ajili ya miezi ya Januari hadi Machi. Anayengoja kuomba mchango mwezi Februari ameomba kwenye ghala tupu.

Fimbo na utii

Tulifikie sasa jambo lenye ubishi. Walimu wengi waaminifu huamini kwamba pasipo fimbo hapana shule. Kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu adhabu hiyo Tanzania ziliiwekea mipaka: ni kwa kosa zito, fimbo zisizidi nne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani na kumchapa aliyekosa hesabu amekwisha toka nje ya kanuni hizo.

Lakini tuache sheria, tuulize matokeo. Nchini Uganda, wilayani Luwero, shule 42 za msingi ziligawanywa kwa kura. Nusu zilipewa mpango wa miezi 18 wa kubadili mwenendo wa shule nzima: walimu, viranja, kanuni na majengo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizongoja, wanafunzi 49 kati ya 100 walisema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule zenye mpango walikuwa 31. Idadi hiyo ingali kubwa, nasi hatuna haja ya kuificha. Hata hivyo yaonyesha kwamba desturi iliyodhaniwa kuwa ngumu kama mvule hukatika.

Hapa Tanzania, Mabula Nkuba na wenzake walifanya jaribio katika shule nane za sekondari za serikali, nalo likachapishwa mwaka 2018. Walimu wa shule zilizochaguliwa walipewa mafunzo ya kiasi cha wiki moja juu ya njia za kumrekebisha mtoto bila kumuumiza na juu ya kumtambua mtoto mwenye mzigo moyoni. Miezi mitatu baadaye, walimu wenyewe na wanafunzi wao, wote walieleza kwamba ukali ulikuwa umepungua kuliko katika shule zisizopata mafunzo. Yafaa kukumbuka kwamba walimu hao hawakukaripiwa, walifundishwa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na nyumba mbovu naye ana kotisoli katika damu yake.

Nani asikilize?

Tuseme mtoto ana jambo la kusema. Amwambie nani? Jibu la kawaida ni mwalimu wa malezi. Jibu hilo si baya, ila lina tatizo: mwalimu huyo huyo husahihisha mtihani wake na pengine humwadhibu.

Jaribio lililofanyika Bihar, India, na kuchapishwa mwaka 2018, lililenga hasa swali hili. Shule za sekondari zaidi ya 70 ziligawanywa mafungu matatu. Katika fungu la kwanza, kazi ya kujenga hali njema ya shule ilifanywa na mshauri asiye mwalimu, aliyefunzwa kwa kazi hiyo. Katika la pili ilifanywa na mwalimu. La tatu liliendelea kama kawaida. Fungu la mshauri lilipata maendeleo makubwa: hali ya shule ilikuwa bora, huzuni na uonevu vilipungua. Fungu la mwalimu halikutofautiana na lile la kawaida. Si kwamba walimu hawakuwa na moyo. Walikuwa na kazi nyingine nyingi, na wanafunzi walikuwa na sababu za kujihadhari nao.

Huko Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilitumia vijana. Tom Osborn na wenzake waliwashughulikia wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni au wasiwasi, umri wa miaka 13 hadi 18, katika shule nne za Nairobi na Kiambu. Viongozi wa vikundi walikuwa vijana wa miaka 17 hadi 21 waliomaliza sekondari. Walikutana mara nne tu, kila mara kwa kiasi cha saa moja, wakazungumzia mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu hukua, kwamba shukrani huufungua moyo, na kwamba kila mtu ana tunu anazozithamini. Mpango wenyewe uliitwa Shamiri. Wenzao wa kulinganishwa nao walifundishwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule. Dalili zilipungua zaidi katika vikundi vya Shamiri, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi saba.

Fundisho kwa Mahurunga ni dhahiri. Katika kila kijiji wamo vijana waliomaliza kidato cha nne wanaongoja ajira. Wamo pia akina mama wenye hekima, wale ambao watoto huwaita bibi au shangazi bila kujali udugu. Katika desturi za unyago na jando za watu wa kusini, mwari hukabidhiwa mtu mzima asiye mzazi wake ili amfunde. Wazo la kumpa kijana msikilizaji aliye nje ya nyumba na nje ya darasa si geni kwetu. Bodi ya shule yaweza kuchagua watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye sifa njema zilizothibitishwa na kijiji, wakafunzwa na afisa ustawi wa jamii, wakawa na saa maalumu shuleni mahali panapoonekana na watu lakini maneno hayasikiki. Sharti hili la mahali ni la kumlinda mtoto, na la kumlinda msikilizaji pia.

Mtoto wa mpakani

Watu wa ukingo wa Ruvuma wamezoea kwamba mambo ya ng'ambo huvuka. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kati ya 1964 na 1974, wakimbizi walivuka mto huu kwa wingi. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitangazwa, wakazi wa pwani ya Mtwara wakahamishwa, kisha kikapiga Cabo Delgado jirani. Na mwezi Oktoba 2020, wapiganaji wa maasi yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 walikishambulia kijiji cha Kitaya, kilicho kando ya mto huu huu upande wa Tanzania, wakaua watu.

Mwalimu afanyeje, darasa likiwa na watoto waliosikia milio ya bunduki au waliopoteza ndugu? Zamani ilidhaniwa kwamba inafaa kuwakusanya watu mara baada ya msiba na kuwataka wasimulie yote waliyoyaona. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkutano wa namna hiyo hauzuii maradhi ya nafsi, na huenda ukawadhuru baadhi. Mwaka 2007 wataalamu wakiongozwa na Stevan Hobfoll waliyataja mambo matano yenye msingi bora: usalama, utulivu, imani ya kwamba twaweza kufanya jambo, kuunganishwa na watu, na matumaini. Kwa lugha ya shule: fungueni shule mapema iwezekanavyo, pigeni kengele kwa wakati ule ule wa siku zote, wapeni watoto kazi, waelezeni ukweli bila kuongeza chumvi, msikilizeni anayetaka kusema, wala msimlazimishe asiyetaka. Kengele ya shule, ipigwayo kwa saa yake, ni dawa ambayo haijapata kuuzwa dukani.

Mpaka wa uwezo wa shule

Shule si hospitali. Zipo dalili zinazotaka msaada zaidi: mtoto anayesema anataka kufa au anayejidhuru, asiyelala au asiyekula kwa wiki kadhaa, aliyebadilika ghafula akaacha kila alichokipenda, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, na kila mtoto aliyeumizwa au kuingiliwa na mtu mzima. Hapo asiahidiwe siri isiyowezekana. Aambiwe kwa upole: "Mwanangu, jambo hili ni kubwa kuliko sisi wawili, twende pamoja kwa anayeweza kusaidia." Njia huanza zahanati, hufika Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, na palipo na uhalifu hupitia kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Ipo pia simu ya kuwasaidia watoto, namba 116.

Maswali ya kujipima

1. Darasa lina wanafunzi 21, na kila mmoja huchagua wenzake wawili. Kama wangechagua kwa bahati tupu, ungetazamia wangapi wasitajwe na yeyote? (Anza na 18/20, uizidishe kwa yenyewe ili itokee mara 20. Jibu la mwisho liwe karibu na 2.6.)

2. Eleza kwa nini uchunguzi wa mwaka 1997 hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba kuipenda shule huleta afya. Jaribio la Luwero linatofautianaje nao?

3. Chagua mada moja ya kidato cha kwanza, uigawe vipande vinne. Hakikisha kwamba hakuna kipande kinachoweza kuachwa.

4. Andika kalenda ya mwaka ya kata yako: mvua, mavuno ya mpunga, msimu wa korosho, miezi ya njaa, mitihani. Ni mwezi gani mtoto hulemewa na mizigo mingi kwa pamoja? Ni mwezi gani wazazi wana uwezo wa kuchanga?

5. Fumba macho, uwataje kwa majina wanafunzi wote wa darasa lako. Kisha fungua daftari la mahudhurio. Nani hukumtaja?